Gia Moja Tu: Nilivyochagua Meno ya Baiskeli Yangu Konza

Mtaka yote hukosa yote, walinena wahenga. Sijui kama wahenga hao waliwahi kupanda baiskeli, lakini methali yao inamfaa sana mtu mwenye baiskeli ya gia moja anayekwenda kushindana na wenye gia 21. Baiskeli ya namna hiyo haikupi nafasi ya kubadili nia njiani. Unachagua nyumbani, spana mkononi na grisi hadi viwikoni, na ulichokichagua ndicho utakachokwenda nacho kwenye mteremko, kwenye tambarare, kwenye upepo na mlimani.

Mpenzi msomaji, labda mchezo wenyewe bado hujakutana nao. Triathloni ni michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia kwa miguu. Saa huanza kuhesabu unapoingia majini na haisimami hadi uvuke utepe wa mwisho. Mchezo huu ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Wanaolimpiki huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40, kisha hukimbia kilomita 10. Sisi watu wa kawaida tuna mashindano mafupi zaidi. Yale niliyoshiriki mwaka 2023, yaliyoandaliwa na vijana wapenda michezo, yalikuwa mita 400 katika kidimbwi cha hoteli, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio.

Konza iko kilomita 60 na kitu kutoka Nairobi, upande wa barabara kuu iendayo Mombasa. Vijana wakisikia jina hilo hufikiria jiji la teknolojia lililozinduliwa Januari 2013. Wazee hufikiria reli, kwa maana hapa ndipo tawi la kwenda Magadi linapoachana na njia ya Mombasa. Mimi hufikiria upepo. Uwanda wa Kapiti ni nyasi na migunga, swala na pundamilia, na upepo wa kutoka mashariki usio na kilima wala msitu wa kuuzuia. Anayeishi hapa na kutembea kwa baiskeli huujua upepo huo kama jirani mkorofi. Asubuhi anakusukuma mgongoni, jioni anakusukuma kifuani.

Sasa utauliza, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mke na watoto watatu, alitafuta nini huko? Jibu langu linaanzia kwa marehemu baba yangu. Alikuwa dereva wa treni za mizigo, na sisi watoto tulilelewa Changamwe, Mombasa, ndiyo sababu naweza kuogelea ingawa kwetu ni Ukambani. Alitutoka ghafla kwa kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu. Alikuwa na miaka 49. Mimi nilipofikisha 48, muuguzi wa zahanati alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akatazama kipimo, akapima tena, kisha akaniuliza kwa upole kama baba yangu yu hai. Tangu siku hiyo mwaka wangu wa 49 ulikaa mbele yangu kama mlima.

Daktari alinipa vidonge, akanipunguzia chumvi, akaniambia nifanye mazoezi kila wiki. Alisisitiza kwamba yawe mazoezi ya kuhema, si ya kukakamaa. "Ukiona unauma meno na kuzuia pumzi, hapo umezidisha," alisema. Baada ya miezi kadhaa ya kutembea na kukimbia alinipima tena, akasikiliza moyo, akaniruhusu kushindana mradi nisijifanye kijana. Maneno yake hayo, bila yeye kujua, yalikuwa maneno ya gia za baiskeli.

Baiskeli yetu ni ile ambayo Wakenya huiita Black Mamba: nyeusi, nzito karibu kilo 20, breki za vyuma, keria pana nyuma, gia moja. Usiidharau. Katika mbio nyingi za baiskeli humu nchini limekuwapo kundi maalumu la Black Mamba, na wanaume wenye ndama kama mawe hushindana humo kufa na kupona. Lakini ya kwetu si ya mashindano. Ndiyo inayoleta maji. Kila siku mitungi mitatu ya lita 20 hupanda juu ya keria hiyo kutoka kwenye bomba lililo kilomita mbili na nusu kutoka nyumbani. Hiyo ni kilo 60 za maji, mbali na mwendeshaji.

Nilipomweleza mama watoto habari za mashindano, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nenda, Baba, sikuzuii. Lakini baiskeli ya gia nyingi hatununui, karo ya muhula haijaisha. Na hii yetu, ukiifungua ukaifunga, Jumatatu maji yafike." Nikakubali. Kwa hiyo swali likawa moja tu: je, gia hiyo moja iwe ipi?

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Gurudumu la meno la mbele, lile linalozungushwa na pedeli, kwenye baiskeli yetu lina meno 44. Kigurudumu cha nyuma, ambacho mafundi hukiita friwili, kilikuwa na meno 18. Gawanya 44 kwa 18 upate 2.44. Maana yake, pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na karibu nusu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husonga mita 2.23 hivi. Zidisha, na utaona kwamba kila mzunguko wa pedeli ulinisogeza karibu mita 5 na nusu.

Ukipunguza meno ya nyuma, baiskeli huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko lakini pedeli huwa nzito. Ukiyaongeza, pedeli huwa nyepesi lakini husongi mbali. Binti yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alichukua kikokotoo akanitengenezea jedwali nyuma ya daftari lake. Alichukulia kwamba miguu yangu huzungusha pedeli mara 80 kwa dakika. Kwa meno 16 nyuma ningekwenda kilomita 29 kwa saa, kwa 18 kilomita 26, kwa 20 kilomita 23 na nusu, na kwa 22 kilomita 21.

"Basi, Baba, weka 16," alisema. "Hesabu imekwisha."

Hesabu haikuwa imekwisha. Nilimwuliza kama anaamini miguu ya baba yake itazunguka mara 80 kwa dakika mahali popote, hata mlimani, hata upepo ukiwa kifuani. Akacheka. Ndipo nilipomsimulia kitu nilichokisikia kwa babu yake nikiwa mdogo kuliko yeye. Treni kutoka Mombasa huanza usawa wa bahari, na ikifika hapa Konza imepanda zaidi ya mita 1,600. Baba alizoea kusema kwamba injini haipangiwi mabehewa kwa kutazama tambarare, hata ziwe ndefu namna gani. Hupangiwa kwa kutazama mwinuko mkali kuliko yote ulio mbele yake. Ikikwama hapo, mbio zote ilizopiga nyuma hazina faida, na njia nzima imefungwa kwa ajili yake. Hii haikuwa busara ya baba peke yake. Ndiyo kanuni ya reli dunia nzima.

Binti yangu alifikiri, kisha akauliza swali zuri kuliko jedwali lake: "Sasa Baba, mlima wako mkali kuliko yote uko wapi?"

Tulikaa tukaihesabu milima. Wa kwanza ulikuwa barabarani. Njia ya mashindano ilikwenda kilomita 10 upande wa magharibi, upepo ukiwa mgongoni, kisha ikageuka na kurudi. Karibu na kilomita ya 16, upepo ukiwa sasa kifuani, palikuwa na mwinuko wa kama kilomita moja. Si mkali, lakini hauna aibu. Mlima wa pili ulikuwa ile mbio ya kilomita 5 baada ya kushuka kwenye baiskeli. Wengi huusahau huo kwa kuwa hauonekani kwenye barabara ya baiskeli. Miguu iliyokanyaga pedeli nzito kwa muda mrefu hushuka chini ikiwa kama magogo. Mlima wa tatu ulikuwa Jumatatu: kilo 60 za maji, na mke wangu au kijana wetu ndiye mwendeshaji.

Kuna atakayesema, weka friwili mbili, moja kila upande wa gurudumu. Hilo liliwahi kufanyika. Katika mbio za Tour de France, wakubwa wa mashindano walikataa vibadilisha gia hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo waendeshaji walifika chini ya mlima, wakashuka, wakalichomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie meno ya upande wa pili. Lakini wao walikuwa barabarani kutwa nzima. Mimi nilikuwa na kilomita 20 tu, na gurudumu la Black Mamba lina nati kubwa zinazotaka spana na subira. Muda wa kuligeuza ungekula faida yote. Nilibaki na moja.

Nikaenda kwa fundi wetu, mzee ambaye ametengeneza baiskeli tangu zamani za shilingi moja kununua mandazi kadhaa. Nilimwomba aniazime friwili ya meno 16 na ya 20, nizijaribu Jumamosi tatu mfululizo, moja baada ya nyingine, kwenye njia ileile, pamoja na ile yangu ya 18.

"Mwalimu," alisema huku akiitazama ile ya 16, "hii na umri wako si marafiki."

"Na ya 20?"

"Hiyo ni ya mtu anayetaka kurudi nyumbani."

Alinifundisha pia kazi ambayo kila mwenye gia moja anapaswa kuijua. Ukiongeza meno mawili nyuma, mnyororo hukaza, na gurudumu lazima lisogezwe mbele kama milimita 6. Nafasi ikikosekana, huongezwa pingili za mnyororo. Ukipunguza meno mawili, unalivuta gurudumu nyuma kiasi hichohicho. Ukishafunga nati, shika mnyororo katikati uuchezeshe juu na chini. Uwe na mchezo wa kama sentimita moja. Ukilegea zaidi utaruka meno, ukikaza sana utakula friwili na kuzitesa gololi. Na gurudumu likisogezwa, breki ya nyuma nayo hurekebishwa, kwa maana vipande vyake vya mpira havitakutana tena na rimu pale vilipokutana jana.

Jumamosi ya kwanza niliendesha na 16. Kwenda, upepo ukiwa nyuma, nilijiona mfalme. Kurudi, pedeli zilikuwa zikizunguka polepole kama jiwe la kusagia, nikajikuta nimeuma meno na kuzuia pumzi, sawasawa na alivyokataza daktari. Kilomita 20 zilichukua dakika 53, na mbio ya kilomita 5 iliyofuata ilichukua 34. Jumamosi ya pili, kwa 18, baiskeli ilichukua dakika 50 na mbio 31. Jumamosi ya tatu, kwa 20, baiskeli ilichukua dakika 51 na mbio 28.

Binti yangu alijumlisha: 87, 81, 79. Kwa baiskeli peke yake, 18 ilishinda. Kwa kazi nzima, 20 ilishinda, na nilifika nikiwa naweza kuzungumza. Ya 22 hatukuijaribu. Upepo ukiwa mgongoni ningezungusha miguu kama cherehani na baiskeli isiende kokote. Fundi akafunga 20, akakaza nati, nikamlipa.

Siku ya mashindano tulikuwa watu 31. Asilimia kubwa walikuwa vijana wa Nairobi wenye baiskeli nyepesi, gia tele na viatu vinavyojifunga kwenye pedeli. Waandaaji walikagua breki ya mbele na ya nyuma ya kila baiskeli, na kofia ya kila kichwa. Aliyekagua yangu aliitazama keria, akaniuliza kama nimeleta abiria.

Majini nilitumia dakika 12. Nilipotoka nilivaa fulana, kofia na raba zangu, nikaondoka. Hapo mwenye baiskeli ya kawaida ana faida ndogo. Habadili viatu mara mbili, kwa kuwa raba anazoendeshea ndizo atakazokimbilia.

Kisha ikaja tambarare, upepo mgongoni, na hapo ndipo gia moja hukupa haya. Miguu yangu ilikuwa ikizunguka karibu mara 100 kwa dakika, mwendo kama kilomita 29 kwa saa, na zaidi ya hapo haikuwezekana. Wakanipita mmoja mmoja. Kijana mmoja akaniambia kwa wema kabisa, "Mzee, ongeza gia!" Nikamwinulia mkono. Nilikuwa naisikia sauti ya pumzi yangu, na ilikuwa ikienda vizuri.

Tulipogeuka, mambo yakabadilika kidogo. Sitaki kumdanganya msomaji: mwenye gia nyingi anayejua kuzitumia atamshinda mwenye gia moja, na waliokuwa wakizijua sikuwaona tena. Lakini kuna waliotumia nguvu zao zote walipokuwa wakisukumwa na upepo, na sasa upepo uliwadai. Kwenye ule mwinuko wa kilomita ya 16 niliwapita wanne. Pedeli zangu zilizunguka mara 50 kwa dakika, kilomita 14 au 15 kwa saa, bila kuinuka kitini, mdomo wazi, meno hayakukutana. Kwenye mbio ya miguu niliwapita wengine watano, na yule kijana aliyeniambia niongeze gia alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameketi kando ya njia akikanda paja. Nilimwuliza kama anahitaji msaada, akasema la, ni msuli tu, endelea Mzee.

Nilimaliza wa 17 kati ya 31. Hakuna medali ya nafasi ya 17. Mke wangu alinipa chupa ya maji, akanitazama usoni kwa muda, akauliza kichwa kinauma au la. Nilipomwambia hakiumi, alinyamaza, akaichukua baiskeli akaisukuma yeye mwenyewe hadi kwenye kivuli. Nilikuwa nimetimiza miaka 50 majuma matatu kabla ya siku hiyo.

Jumatatu maji yalifika. Kijana wetu alirudi na mitungi mitatu akasema baiskeli imekuwa nyepesi, akauliza kama fundi ameipaka mafuta ya aina mpya. Ile friwili ya 20 haijaondolewa hadi leo. Vidonge bado nameza, na kipimo cha zahanati kimeshuka kiasi cha kumfanya muuguzi apime mara moja tu.

Kwa mwanafunzi au mzazi anayetaka kujaribu mchezo huu na baiskeli iliyopo nyumbani, nina maneno machache. Kwanza, pima moyo na shinikizo la damu, hasa ukiwa umepita miaka 40. Pili, hesabu meno yako ya mbele na ya nyuma, ugawanye. Kama njia ni tambarare tupu, jibu la karibu 2 na nusu linamfaa mtu wa kawaida. Kama kuna milima au upepo mkali, shuka hadi 2.2 au hata 2. Tatu, jaribu kwenye njia yenyewe, na usipime muda wa baiskeli peke yake. Shuka ukimbie, kisha ndipo ujumlishe. Nne, jiulize baiskeli hiyo ina kazi gani siku inayofuata, na ni nani atakayeifanya.

Na kama huna haja ya baiskeli kabisa, kanuni ya dereva wa treni bado ni yako. Nyumba nyingi zina mshahara mmoja, duka moja, shamba moja, yaani gia moja. Wengi wetu hupanga matumizi kwa kutazama mwezi ule mzuri, upepo ukiwa mgongoni. Panga kwa kutazama Januari, karo zikidaiwa na unga ukipanda bei. Katika miezi mizuri utaonekana mwenda pole, na watu watakupungia mkono wakikupita. Waache wapite.